Nilivyoisubiri gari ya umeme kutoka Japan mwaka wa tetemeko

Mtu aliyewahi kuagiza gari Japan akiwa Dar au Mombasa anaijua hii presha vizuri. Hela umeshatuma, picha umeshatumiwa, jina la meli unalijua kuliko la mjumbe wa nyumba kumi, kila ukiamka kitu cha kwanza ni kuangalia imefika wapi. Mimi hiyo presha ilinikuta San Diego, California, na haikuwa gari used bana, ilikuwa gari mpya kabisa ambayo hata kutengenezwa ilikuwa bado. Nissan Leaf, mwaka 2011. Siku hizi gari za umeme zimejaa, ila kipindi kile ukimwambia mtu umeweka oda ya gari isiyo na tenki la mafuta anakuuliza kama uko sawa kichwani.

Mimi ni fundi wa mabasi ya shule, kwahiyo dizeli naijua, na nilishachoka kuinusa kazini afu nikitoka tena nikapange foleni sheli, na petroli California mwaka ule ilipita dola 4 kwa galoni. Kutoka kwangu Lemon Grove mpaka kazini kwenda na kurudi haifiki maili 30, na Leaf ya kwanza ilipimwa na serikali maili 73 kwa chaji moja, betri ya kilowati-saa 24. Hesabu ilikuwa inakubali. Mama Rehema ndo alikuwa hakubali, yeye alisema gari isiyopiga kelele ni ya wezi.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Aprili 2010 Nissan walifungua kuweka nafasi, unalipa dola 99 ambazo ukighairi unarudishiwa, na wakafunga majina yalipofika 20,000. Baadae ndo unaitwa kuweka oda kamili, unachagua rangi, unachagua dila, afu unakaa. Leaf zote za Marekani zilikuwa zinatoka kiwanda kimoja tu, Oppama, kule Yokosuka kusini ya Tokyo, kwenye laini ileile inayotoa gari za mafuta, na betri zinatoka Zama ambako sio mbali na hapo. Za kwanza kabisa zilikabidhiwa watu Desemba 2010, mwanzoni zilikuwa zinakuja kwa kudonoadonoa. Mimi nikaambiwa Aprili.

Sasa hapo kwenye Aprili ndo kulikuwa na mambo ya hela, na nyie mnaosubiri gari yoyote ya umeme leo hapa msipapite haraka. Bei ya Leaf ilianzia dola 32,780. Serikali kuu ilikuwa inatoa punguzo la kodi dola 7,500, na jimbo la California lilikuwa linakurudishia hadi dola 5,000 taslimu. Watu wakawa wanatoa tu, 32 toa 12 na nusu, wanasema gari ni ya elfu 20. Sio hivyo. Ile 7,500 ilikuwa punguzo la kodi unayodaiwa mwaka huo, kama kodi yako ya mwaka ni elfu 4 basi umepunguziwa elfu 4 na nyingine inapotea, huletewi noti nyumbani. Kwa mshahara wangu na watoto nilionao mimi kodi yangu ilikuwa haifiki huko, kwahiyo nikaamua kuichukua kwa mkataba wa kukodi wa miaka 3, bei ya tangazo dola 349 kwa mwezi, maana hapo wenye kukodisha ndo walikuwa wanaichukua ile 7,500 na kuipunguza kwenye hesabu yako. Na ile 5,000 ya jimbo ulikuwa huombi kabla, unaomba gari ikishakuwa mkononi. Na mfuko wake ulikuwa na mwisho, ukiisha umeisha. Kwahiyo kila mwezi gari inapochelewa unaona hela ya watu inaliwa na waliotangulia, we uko tu unaangalia.

Upande mwingine alikuwepo shemeji. Mdogo wake Mama Rehema, alikuwa kaja kusoma, usiku anafanya kazi nyumba ya wazee, na tulishakubaliana atachukua Corolla yangu kwa kulipa kidogokidogo gari mpya ikifika. Alishaipenda mpaka akainunulia kava za siti. Kava za siti! Gari bado ya kwangu naenda nayo kazini.

Tetemeko lilipiga tarehe 11 Machi 2011 saa za Japan, huku kwetu ilikuwa bado Alhamisi usiku, kama saa nne kasorobo, tumemaliza kula. Tukaona kwenye TV yale maji meusi yanatembea juu ya mashamba, yamebeba nyumba na magari, na nyumba nyingine zinawaka huku zinaelea. Hakuna aliyeongea. Asubuhi yake wakatangaza tahadhari mpaka pwani yetu, na kweli kule juu Crescent City na Santa Cruz maji yalivunja boti bandarini, hiyo ni ng'ambo nzima ya bahari ya Pasifiki.

Kazini stoo ya spea kulikuwa na mzee mmoja Mjapani, mtu wa maneno machache, dada yake anaishi Sendai, kulekule tetemeko lilikopiga. Alikuja kazini kama kawaida ila simu ilikuwa haitoki mkononi, anapiga, anasikiliza, anakata, anaandika namba ya spea kwenye karatasi, anapiga tena. Simu za huko zilikuwa haziingii kabisa. Wenzangu wawili watatu walikuwa wanajua habari ya Leaf yangu na mmoja akaniuliza mbele yake eti vipi gari yako imezama. Nilitamani ardhi ipasuke. Kwa siku kadhaa habari ya gari sikuigusa mbele ya yule mzee, nilikuwa nasoma kwa siri kama mtu anayesoma majibu ya mtihani wa mwenzake. Dada yake alipatikana mzima, alikuwa kalala kwenye shule ya jirani na majirani zake, na siku hiyo ndo yule mzee mwenyewe akaniambia, haya, sasa tuongee habari ya gari yako.

Na yeye ndo alinifungua macho. Mimi nilikuwa nafikiria kiwanda kimebomoka, au maji yameingia. Wala. Oppama iko mbali na kule tsunami ilikopiga. Kiwanda cha Nissan kilichoumia sana kilikuwa cha injini, kule Iwaki, na Leaf haina injini! Nikacheka, nikajua nimepona. Mzee akatikisa kichwa. Akasema subiri, umeme.

Japan ni nchi moja ila umeme wao ni wa nchi mbili. Mashariki yote pamoja na Tokyo wanatumia hezi 50, yani mizunguko ya umeme kwa sekunde, magharibi Osaka huko wanatumia hezi 60, kwasababu karne ya kumi na tisa upande mmoja walinunua majenereta ya Wajerumani na upande mwingine ya Wamarekani, na hawakuwahi kuunganisha. Mitambo ya kubadilisha hapo katikati ilikuwa midogo sana. Kwahiyo mtambo wa nyuklia wa Fukushima ulipolipuka na mitambo mingine ya mashariki ikazimika, upande wa pili umeme wanao wa kutosha na hawawezi kuuleta. Kuanzia tarehe 14 Machi Tokyo na mikoa inayoizunguka ikaingia kwenye mgao, wa zamu, mtaa kwa mtaa. Mgao kabisa, ule tunaoujua sisi! Nilipomweleza kwamba kwetu tuna ratiba za mgao toka nikiwa mdogo alishangaa, akaniuliza mnafanyaje viwandani, nikamwambia jenereta, na kusubiri.

Kwahiyo gari ya umeme ikakosa umeme wa kuitengenezea. Oppama na Zama zote ziko Kanagawa, mkoa unaopata umeme kampuni ileile ya Tokyo. Kabla ya Machi kuisha walianza tena kuunganisha gari ila kwa spea zilizokuwepo, zikiisha wanasimama.

Na spea zenyewe ndo kisa kingine. Kulikuwa na kiwanda cha Renesas, mji wa Hitachinaka, kinatengeneza vile vichipu vidogo vinavyoongoza kila kitu kwenye gari, breki, mkoba wa hewa, madirisha, na viwanda vingi vya magari duniani vilikuwa vinavitegemea. Kilisimama mpaka Juni. Kingine ambacho mpaka leo nawasimulia mafundi wenzangu na hawaamini ni cha rangi. Ile rangi ya gari inayometameta juani, kuna unga maalum wa kuimetamesha, na ulikuwa unatoka kiwanda kimoja tu duniani, cha Merck, mji uleule wa Iwaki jirani na Fukushima. Kikafungwa, na huku Marekani Ford wakasitisha oda za rangi nyeusi fulani na nyekundu fulani. Gari ya Detroit inakosa rangi kwasababu ya tetemeko Japan. Mimi ni fundi na nilikuwa nadhani kiwanda cha gari ndo kinatengeneza gari, kumbe pale wanakutana tu vitu vilivyotengenezwa na watu mia wengine, mmoja wao asipokuja harusi haifungwi.

Tarehe yangu ikaanza kuhama. Aprili ikawa Mei, Mei ikawa Juni, siku nyingine nafungua oda yangu kwenye intaneti naona hakuna mwezi kabisa, imeandikwa inasubiri. Niliposikia kuna meli ya zaidi ya Leaf 600 iliondoka Japan tarehe 10 Machi, yani siku moja kabla, nilipata matumaini ya kijinga sana, nikampigia kijana wa dila kuuliza kama yangu imo. Hakujua. Nikaja kugundua hawa vijana wa dila wanaona kilekile unachokiona wewe, ila wao wanakijibu kwa sauti ya uhakika. Toka hapo nikaacha kuuliza "inakuja lini", swali hilo halina jibu, watu wanakutajia mwezi ili ukate simu. Nikawa nauliza kitu kimoja tu, imeshapata namba ya chesisi? Gari yenye namba ya chesisi ipo, ina bodi, kuna mtu kaigusa. Isiyo na namba ni karatasi. Na ikishapata namba swali la pili, imepakiwa meli gani? Ukijua meli unaweza kuifuata mwenyewe kwenye ramani za meli za intaneti, ila ujue miaka ile vipokeo vilikuwa nchi kavu, meli ikishatoka pwani ya Japan inapotea kwenye ramani kabisa, inakuja kuonekana tena ikikaribia California. Katikati hapo mtu ulikuwa unaomba Mungu tu.

Mama akapiga simu kutoka Tanga. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za wajukuu akashusha sauti, "Mwanangu, hiyo gari ya Japan si itakuwa na ile sumu?" Alisikia redioni habari za mionzi. Nikamwambia mama, wenye viwanda wametangaza watazipima gari kabla hazijapanda meli. Akanyamaza kidogo. "Na meli je?" Sikuwa na jibu la meli, nikamwambia nayo itapimwa.

Kitu kilichonisumbua zaidi kilikuwa ukutani kwenye gereji. San Diego kulikuwa na mradi wa serikali kuu unaofunga chaja za bure majumbani kwa wanaochukua Leaf ili wakusanye takwimu za watu wanavyochaji, na mimi nilijiandikisha mapema. Fundi alikuja, kavuta waya wa volti 240 kutoka kwenye boksi la breka, mtu wa manispaa kaja kakagua kasaini, kila kitu safi. Gari hakuna. Ile chaja ikawa inakaa pale na kioo chake kinawaka usiku kucha, nikiingia gereji kuchukua brashi naiona inaniangalia. Rehema akawa anachaji simu pembeni yake kwenye soketi ya kawaida, anasema baba, angalau na mimi nitumie.

Shemeji naye uvumilivu ukaisha. Alikuwa anaenda zamu ya usiku kwa basi mbili na treni, na kurudi asubuhi hivyohivyo, akaanza kupitia kwa dada yake. Siku moja Mama Rehema akaniambia kabisa, "Baba Rehema, mpe mtoto gari, wewe utapewa lifti na wenzio, si mwezi huu mmoja tu?" Nikakataa. Mwezi huu mmoja tu nilishausikia tangu Aprili. Nilimwambia shemeji wazi, Corolla inatoka kwangu siku ile nyingine inaingia, sio siku moja kabla, na akanuna, tukakaa kama wiki mbili anakula kwangu ila anaongea na watoto tu. Najua alinisema mpaka Tabata. Ila kuna jamaa mmoja namfahamu aliuza gari yake Machi mwanzoni kwasababu ya kuambiwa Leaf yake inafika, akaja kukodi gari za kukodi mpaka zikamla hela yote aliyotegemea kurudishiwa na jimbo. Ambayo nayo haikuwepo.

Maana mwezi wa Juni ule mfuko wa jimbo ulikauka. Waliochelewa wakawekwa kwenye orodha ya kusubiri, na bajeti mpya ilipokuja kiwango kikawa kimeshuka mpaka dola 2,500. Nusu. Na hapo ndo namba yangu ya chesisi ilipotokea, wiki hizohizo, inaanza na J ya Japan. Sikujua nifurahi au nilie. Nikapiga hesabu upya, nikaona kwa mafuta peke yake ile gari bado inanilipa, nikaendelea. Ila kama nilikuwa nimeipangia ile elfu 5 kazi nyingine, kama wengine walivyofanya, wakaikopea kabisa, ningekuwa nimekwama.

Meli iliingia upande wa Los Angeles Julai, na wakati huo huko Japan viwanda vya magari vyote vilikuwa vimebadilisha wiki, Alhamisi na Ijumaa wanapumzika, Jumamosi na Jumapili wanafanya kazi, kuanzia Julai mpaka Septemba, ili wasitumie umeme siku moja na maofisi. Yule mzee wa stoo alisema mpwa wake kiwandani kule alikuwa hamuoni mtoto wake, mtoto akiwa nyumbani baba kazini, baba akiwa nyumbani mtoto shule. Hilo liliniingia kuliko habari zote za chipu.

Siku ya kuchukua dila wakataka kuniongezea vitu, sijui nta ya kulinda rangi, sijui kioo cha kuzuia nini, dola mia kadhaa, wanajua umesubiri mpaka umelainika na hautaondoka bila funguo. Nilikuwa nimekaa na oda yangu iliyochapishwa, nimeikunja mfukoni toka mwaka uliopita, nikaifungua nikaiweka mezani na sikusema kitu. Wakafuta. Chapisha oda yako ndugu, usitegemee iliyoko kwenye simu.

Nikaenda na gari nyumbani. Kimya kabisa, unasikia matairi tu. Mama Rehema akazunguka akaikagua akasema haya, ya wezi imefika. Jioni hiyohiyo shemeji akachukua Corolla yake yenye kava, na kununa kukaisha hapohapo.

Sasa Septemba, tarehe 8, Alhamisi, joto kali, mchana saa tisa na nusu na kitu hivi umeme ukakatika San Diego nzima. Sio mtaa, mji wote, na Tijuana huko Meksiko, na sehemu ya Arizona ambako hitilafu ilianzia kwenye laini moja kubwa karibu na Yuma. Taa za barabarani zimezima, kila makutano foleni. Na sheli zote zikafa, maana pampu za mafuta zinavuta kwa umeme, mafuta yako chini ya ardhi na hakuna wa kuyapandisha. Shemeji akanipigia sauti ya chini kabisa, "Shemeji, una galoni yoyote ya mafuta hapo?" Corolla taa ya mafuta inawaka tangu jana na zamu yake inaanza usiku, na kule kwa wazee wako watu wanaotumia mashine za kupumua kwa jenereta, hawezi kukosa.

Leaf niliichaji usiku uliotangulia, ilikuwa na zaidi ya nusu. Nikamfuata. Nilimpa sharti moja tu, AC haiguswi, maana ukiiwasha unaona maili zinavyoshuka kwenye dashibodi na sikujua umeme utarudi lini. Tukaenda madirisha wazi, makutano kwa makutano, jamaa jasho linamtiririka na sare yake nyeupe imemganda mgongoni, ila aliingia kazini dakika kumi kabla ya zamu. Kesho yake asubuhi umeme umerudi akaja nyumbani ananiuliza namna ya kuweka oda ya Leaf na yeye. Nikamwambia amalizie kwanza deni la Corolla.